Bwawa la Waridi la Nahodha

Mtaani walimwita Nahodha kwa utani, maana chombo chake kilikuwa kijimashua cha plastiki na bahari yake mabwawa ya majitaka ya mji. Aliopoa takataka kwa wavu, akafungua na kufunga koki, jioni akarudi nyumbani kwake, ukuta kwa ukuta na uzio wa mabwawa. Kwa miaka mingi wageni wake walikunywa chai wamebana pua, na yeye alijifanya haoni.

Mwaka ule bwawa la kwanza liligeuka waridi, waridi kabisa, kama sharubati. Harufu ya mayai viza nayo ikapotea. Nahodha aliushukuru upepo, basi.

Binti yake, mwalimu wa sayansi, alipopata mchumba, ikapangwa wakwe waje Jumapili. Dada yake Nahodha, mwanamke wa amri, alipoliona bwawa alishika kichwa.

"Kaka, watasema tunaishi kando ya beseni la damu! Toa hiyo rangi."

Nahodha naye akaingiwa na haya. Jumamosi alifungua koki, maji ya waridi yakahamia bwawa la pili nyuma ya tuta, kisha akalijaza la kwanza majitaka mabichi. Likawa la kijivu, la heshima. Kulipokucha, harufu ilibisha hodi kabla ya wageni.

Binti aliingia amefumba mdomo kwa kiganja. "Baba, umefanya nini?"

"Nimesafisha, mwanangu."

"Umewahamisha walaji! Chini kwenye tope kuna bakteria wanaokula uchafu na kutoa hii gesi inayonuka. Wale wa waridi wanakaa juu yao, penye mwanga, na gesi hiyo ndiyo chakula chao. Wanaigeuza salfa kabla haijatufikia puani. Mabaki yao yanashuka tena, wa chini wanayatumia. Wanalishana, baba."

"Kumbe wa chini bado wanapika, na mezani hakuna mtu?"

"Ndiyo hivyo. Tutawarudisha kwa pampu, ila mpaka wazaliane watoshe, leo tumekwisha."

Hodi ikapigwa. Mama wa mchumba aliingia kanzu inameta, kitambaa puani. Nahodha akajiona ameivunja harusi ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya mkwe," mama yule alisema hata kabla ya kukaa, "liko wapi?"

"Lipi?"

"Bwawa la waridi! Huyu binti hana hadithi nyingine. Kila akija kwetu ni bwawa la baba, bwawa la baba. Mimi nimekuja kuliona."

Nahodha akamtazama binti yake. Binti akatazama sakafu, anatabasamu. Kile alichokificha ndicho mwanawe alichokuwa akijivunia.

"Nimelificha nyuma ya tuta," alisema. "Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Nipeleke."

Akampakia mashuani na kanzu yake, dada mtu akipiga kelele ukingoni kwamba watazama. Walipofika katikati ya maji ya waridi, mama wa mchumba alishusha kitambaa, akavuta pumzi kwa tahadhari, kisha nyingine ndefu.

"Hapanuki!" aliwapigia kelele walio ng'ambo. "Hapanuki, jamani!"

Nahodha alishindwa kupiga kasia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.