Afisa kapiga X mawe yangu, mtaro kauacha chini ya pevingi

Nimeita afisa aje kuniokoa na maji, kaja kanipiga X mimi!

Sitanii. X nyekundu, rangi bado mbichi, hapa hapa Kihesa mlangoni kwangu.

Iko hivi. Jirani yangu wa juu, Baba Neema, kalaza matofali ya pevingi uwanja mzima. Uwanja ni wake, sina neno. Lakini kaendelea mpaka nje ya geti, kafukia na mtaro wa mtaa. Sasa mvua ikinyesha, maji yote ya mlimani yanashukia jikoni kwangu. Nikapanga mawe mlangoni kuyazuia, nikaenda ofisi ya mtaa kulalamika.

Leo ndo afisa kaja. Kasimama juu ya zile pevingi, eti, "Mtaa umeanza kupendeza."

Nikamwambia, "Baba, hapo uliposimama ndo mtaro wenyewe."

Kageukia mawe yangu. "Na huu ukuta, mama, una kibali?"

Ukuta! Mawe hata saruji hayana!

Kapiga X, kasema niyatoe, kaondoka.

Mara hodi. Baba Neema huyo, anachekacheka.

"Kamwene, Mama Tuli. Naomba lile toroli tena, nimalizie kipande kilichobaki."

Ndiyo, jamani. Pevingi zote zile zilibebwa na toroli LANGU.

Nyie mngempa?

Mimi nimemwonyesha ile X, nikamwambia toroli nalo halina kibali.