Maneno Niliyoyazika kwa Jina la Baba

Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili, mwanangu, hata mbele ya mume wangu: niliandika jina la baba yangu kwenye karatasi ya chuo, na mbele ya kila neno nikaandika "hajui", bila kumwuliza hata moja.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimejaa elimu kama soda iliyotikiswa. Mhadhiri wangu alikuwa amenipa kazi ya likizo: kadi arobaini, kila kadi na neno lake, nikawaulize watu kumi wa umri na kazi mbalimbali kama wanalijua. Neno linalojulikana na wengi niliweke katika bahasha iliyoandikwa "kawaida". La wachache, "adimu". Lisilojulikana na yeyote, "limekufa".

Watu tisa niliwapata palepale mtaani kwetu Makongeni, karibu na mfereji wa maji. Wote walikuwa rika langu, kwa sababu wazee niliona watanichelewesha.

"Taruma?" mmoja aliniuliza. "Madam, hiyo ni Kiswahili ama ni dawa ya kikohozi?"

Walicheka, nami nikacheka nao kama mtu anayelijua. Sikulijua.

Nikarudi nyumbani na Njeri, mwanafunzi mwenzangu kutoka Komarock, aliyekuja kunisaidia kupanga kadi. Kwao bafu lilikuwa ndani ya nyumba, na tangu asubuhi nilikuwa nikiomba asiulize letu liko wapi. Ndipo Baba akaingia kutoka kazini. Alikuwa kibarua wa reli, katika kundi la kutengeneza njia ya treni, na ovaroli yake ilinuka grisi. Akaziona kadi mezani.

"Hiyo ni mtihani, Mama?" Aliniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Ni utafiti, Baba."

"Basi niulize na mimi."

Akavuta kigoda, akafuta mikono kwenye ovaroli, akakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Njeri akanitazama. Kiswahili cha Baba kilikuwa cha kazini, kimechanganyika na Kiluhya, na niliogopa Njeri atakisikia zaidi. Nikasema, "Baba, hii inataka watu wanaojua Kiswahili."

Baba aliinuka. Alirudisha kigoda mahali pake, kisha akauliza, "Mgeni amekunywa chai?"

Jioni ile bado nilihitaji mtu wa kumi, mwenye umri na kazi tofauti. Nikaandika jina lake, umri wake, kazi yake. Hajui, hajui, hajui, mara arobaini. Taruma likaingia bahasha ya "limekufa". Mhadhiri alinisifu kwa unadhifu, na baadaye orodha ikachapishwa kwa ajili ya walimu, jina langu likiwa juu yake.

Nasaha yangu naitoa sasa, mwanangu, kwa sababu baada ya kinachofuata sitakuwa na la kuongeza. Usiliite neno adimu kwa sababu wewe hulijui. Sema hulijui, haikuui. Ukitumwa kuuliza watu, anza na yule unayemwonea haya. Na mzazi akivuta kigoda akae, mwache akae. Mungu akujalie uso wa kuomba radhi mapema, si kama mimi.

Nilichelewa hadi miaka ile ya tisini ilipokuwa inaisha. Baba alikuwa amestaafu, amerudi kwetu magharibi. Siku moja simu ya ofisini ililia, na nikasikia sauti yake kutoka simu ya sarafu pale sokoni.

"Mama, hapa kuna mwalimu ananisumbua. Ana orodha yenu. Anasema taruma ni neno limekufa, hakuna mtu anajua. Nimemwambia kazi hiyo ilifanywa na binti yangu, na yeye hawezi kuandika uongo. Amesimama hapa. Mwambie alisoma vibaya."

Ningeweza kukubali, na mwalimu wa watu angebeba aibu yangu.

"Hakusoma vibaya, Baba. Ni mimi. Niliandika jina lako, nikaandika hujui."

Nikasikia soko: kuku, redio, mtu akipiga mnada wa nguo. Simu ikaanza kulia ikitaka sarafu nyingine. Akaitia.

"Sasa niulize," akasema.

"Baba, taruma ni nini?"

"Ni ile mbao nzito inalala chini ya reli. Tulikuwa tunabeba watu wanne. Mimi nilikuwa mbele, upande wa kushoto, miaka yote ulikuwa shule." Akakohoa. "Mungu akubariki, Mama. Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Andika: anajua."

Sarafu zikaisha.