Rangi za Yule Mwenye Nywele

Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2008. Ukungu ulilala juu ya ukingo wa bonde hadi saa nne, kisha jua likatoka kali na upepo ukaanza kurusha vumbi la Mai Mahiu kama kawaida yake. Muturi alifunika makopo yake ya rangi kwa gunia, akalitazama lori lililoegeshwa kando ya banda lake, na kwa mara nyingine hakushika brashi.

Lori lenyewe lilikuwa tayari. Alikuwa amelipiga msasa, akalipaka praima, rangi ya chini ya kijivu, na praima ilikuwa imekauka siku nyingi. Pande zote mbili zilikwisha kupata mistari na maandishi. Kilichobaki ni ubao wa nyuma, ule unaoonwa na kila dereva anayefuata, na hapo ndipo mkono wake ulipokwama.

Mwenye lori, Kiplangat, alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda akinywa chai.

"Fundi," alisema, "hiyo praima unaiangalia ukidhani itajipaka yenyewe?"

"Nipe muda kidogo, boss."

"Muda ninao wapi? Jumatatu nabeba waru, viazi vya watu, Kuresoi. Mimi sikukuambia kitu kigumu. Nilisema unipakie yule jamaa mwenye nywele. Koti zambarau, gitaa ya dhahabu, moshi kijani. Hata mke wangu anaweza kukuchorea hiyo akiwa amefunga macho."

"Mke wako akichora, nywele zitakuwa na vitunguu ndani," Muturi alijibu, na Kiplangat akacheka hadi chai ikamwagika. Lakini alipomaliza kucheka alisema kwa sauti ya chini kidogo, "Kesho ikipita bila kitu, napeleka gari Nakuru. Kuna jamaa anatoa stika kwa kompyuta. Unaingia asubuhi, unatoka kabla ya lunch."

Lori la kwanza la Kiplangat lilichomwa barabarani mwezi wa Januari, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, karibu na Molo, dereva akapona kwa kukimbia. Kwa karibu miaka ishirini lori hilo lilikuwa limepita barabara yote, kutoka milimani hadi Nairobi, likiwa na yule mwimbaji nyuma yake, gitaa juu, nywele zikipepea. Alipopata lori jingine, Kiplangat aliwapita mafundi wa Molo, akawapita wa Nakuru na wa Gilgil, akashuka nalo hadi Mai Mahiu kumtafuta mtu aliyelipaka lile la kwanza. Mwaka ule, kabila la mmoja likiwa limetoka kupigana na la mwenzake, mtu wa Kuresoi kuteremka hivyo kumtafuta Muturi halikuwa jambo dogo, na wote wawili walilijua bila kulitaja.

Kilichomzuia Muturi ni simu ya Alhamisi. Ilitoka kwa rafiki yake wa tangu ujana, Balwant Singh, mwenye duka la kukodisha video mjini Nakuru.

"Muturi, nimepata TV mpya," Balwant alikuwa amesema kwenye simu, akipiga kelele kana kwamba umbali ni wa kushindana nao kwa mapafu. "Inasoma kanda ya kila nchi. Unasikia? Ile ya Canada sasa itatoa rangi!"

Kanda ya Canada. Ililetwa na binamu wa Balwant aliyeishi Vancouver, Muturi alipokuwa kijana anayechora mabango ya duka hilo. Binamu alirekodi nyimbo kutoka kwenye televisheni ya huko, moja baada ya nyingine, bila majina, na juu ya kanda akaandika tu: usifute. Lakini kanda za huko hazikuelewana na televisheni za Kenya. Picha ilizunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani, hadi Balwant alipojifunza kuituliza kwa kuzungusha kitufe kilichokuwa nyuma ya televisheni. Ikatulia, ila haikutoa rangi. Nyeusi na nyeupe tupu.

Hilo halikuwakera. Vijana wa mtaa walijaa dukani Jumamosi mchana, wakasimama hadi mlangoni, wakiwatazama wanaume wenye suruali za kubana kama soksi wakiruka kutoka juu ya spika ndefu kuliko mtu. Kulikuwa na mpiga ngoma aliyeinuliwa hewani na jukwaa lake lote, akiendelea kupiga. Kulikuwa na feni kubwa zisizoonekana zilizowapulizia waimbaji nywele, na cheche, na pikipiki iliyopanda ngazi. Wachungaji walisema huo ni muziki wa shetani. Muturi aliona kazi: mtu alikuwa ameketi mahali akaamua moshi utoke wapi, taa ikae wapi, mguu uinuliwe kiasi gani. Kila dakika ilikuwa bango lililokamilika.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa wa mwisho kwenye kanda, ambaye hawakuwahi kujua jina lake, wakamwita Mwenye Nywele. Alitoka kwenye moshi polepole, hana haraka na mtu, nywele zimesimama kama manyoya ya simba, koti linaburuzika chini, na gitaa ameliinua juu kwa mkono mmoja kama mtu anayeonyesha watu mtoto mchanga. Huyo ndiye ambaye Muturi alimpaka kwenye lori la Kiplangat. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye mabango ya maduka ikamfanya fundi wa malori. Watu waliuliza, ile gari ya mwenye nywele imepakwa na nani? Ndipo wakafika kwake.

Na sasa rangi za kweli zingeonekana. Kama koti lilikuwa jekundu, je? Kama gitaa lilikuwa jeupe? Basi alikuwa amekosea mbele ya barabara nzima tangu ujana wake, na kila mtu alikuwa akimsifia kosa. Asingeweza kurudia kosa akijua. Na asingeweza kupaka kabla ya kujua.

"Twende Nakuru," alimwambia Kiplangat hatimaye. "Nikuonyeshe kitu, halafu nitapaka. Kesho. Nakuapia."

Walikwenda na lile lori lenyewe, ubao wa nyuma ukiwa mtupu. Walipopunguza mwendo Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, mchoma nyama mmoja mwenye aproni aliliona jina la Kiplangat juu ya kioo akakimbia hadi dirishani.

"Mzee! Kumbe uko! Tulisema hiyo gari iliisha." Alizunguka nyuma, akarudi uso umemshuka. "Na yule mwenye nywele ako wapi?"

"Muulize huyu," Kiplangat alisema, akimwelekeza Muturi kwa kidevu. "Anangoja ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya televisheni."

Mchoma nyama alimtazama Muturi kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa, akampa kipande cha mbavu bure.

Nakuru mvua ilikuwa imeanza kunyesha, matone makubwa yaliyo mbalimbali. Duka la Balwant lilikuwa limepungua. Rafu nyingi zilikuwa tupu, na zilizobaki zilijaa diski. Balwant, kilemba cha samawati, ndevu zimekuwa nyeupe, alimkumbatia Muturi kisha akamshika Kiplangat mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye lori?"

"Mimi ndiye lori."

"Kaeni. Msiguse kitu."

Kanda ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, juu ya punje za mchele za kunyonya unyevu. Balwant alikuwa na desturi yake, na hakuna haraka ya mtu iliyowahi kuivunja. Kwanza aliipeleka kanda mbele hadi mwisho, kisha akairudisha hadi mwanzo, ili utepe uachane pale uliposhikana. Kisha akafungua mashine ya kuchezea kanda, akafuta ndani kwa kitambaa laini chenye spiriti, akingoja ikauke huku akiipulizia kama mama anayepoza uji. Hivyo ndivyo alivyoifanyia kila mwaka, hata baada ya watu kuacha kuja Jumamosi. Muturi alimshikia kopo la biskuti, akimtazama. Watu wengi hupenda kitu. Balwant alikitunza.

Kisha akabonyeza.

Rangi zilikuja zote kwa mara moja, kali, kama kufungua mlango wa duka la vitenge. Kiplangat alisema, "Eh!" Nywele walizodhani nyeusi zilikuwa za manjano kama ndevu za mahindi. Midomo ilikuwa ya waridi.

"Huyo ni mwanaume?" Kiplangat aliuliza.

"Mwanaume kabisa," Balwant alisema. "Sikiliza hiyo sauti. Inaweza kuvunja gilasi."

"Na amepaka lipstick?"

"Amepaka, na bado hakuna mtu hapo angemwambia kitu. Muangalie miguu."

Walimwangalia. Aliruka, akapanua miguu hewani, akatua bila kukosa neno la wimbo. Kiplangat aliacha kucheka. "Huyo amefanya mazoezi," alisema kwa heshima.

Lakini Muturi alikuwa akihesabu makosa kimoyomoyo. Suruali ya mpiga ngoma, aliyoipaka bluu kwenye lori moja la Naivasha, ilikuwa na milia ya waridi. Pikipiki aliyoijua kuwa nyekundu ilikuwa ya kijani. Hakupata hata moja. Kila wimbo ulipoisha alizidi kuzama kwenye kiti, na wimbo wa mwisho ulipokaribia alitamani utepe ukatike.

Moshi ukatanda. Yule mtu akatoka.

Alikuwa mweusi na mweupe.

"Imeharibika," Kiplangat alisema.

Balwant alisimama, akabonyeza hiki na kile, akaongeza rangi hadi mwisho. Hakuna kilichobadilika. Akarudisha nyuma kidogo: wimbo wa kabla yake ulikuwa na rangi zote. Akaenda mbele: nyeusi na nyeupe. Kisha akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Muturi. Kuja uone hapa."

Kwenye kona kulikuwa na alama ndogo ya ile stesheni ya Canada iliyorusha wimbo. Ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kuiva, na pembeni yake Mwenye Nywele alikuwa akitembea ndani ya moshi wa kijivu.

"TV ni nzima," Balwant alisema polepole. "Rangi iko. Hawa walipiga hii picha bila rangi makusudi."

Mvua iligonga mabati. Muturi alisogeza kiti karibu, kwa kuwa sasa, kwenye kioo kipya kikubwa, aliweza kuona jinsi walivyofanya. Hawakuwa na koti la rangi wala moshi wa rangi. Walikuwa na taa moja, nyuma ya yule mtu, na ndiyo iliyomfanyia kila kitu: ilichoma kingo za nywele zikawa nyeupe, ikapita kwenye nyuzi za gitaa, ikaacha uso gizani hadi mwisho kabisa, pale alipogeuka. Wenzao walikuwa na cheche na pikipiki. Hawa walichukua taa moja na giza, wakawashinda wote.

"Sasa zambarau ilitoka wapi?" Kiplangat aliuliza.

"Sijui," Muturi alisema. Na kweli hakujua.

"Mimi najua," Balwant alisema. "Siku ya kwanza, hapo hapo mlangoni, ulisema: Singh, hiyo koti ni zambarau. Mimi nikaangalia. Nikaona zambarau. Mtaa mzima waliona. Hadi leo asubuhi ungeniuliza, ningekula kiapo mahakamani."

Kiplangat alisimama akajinyoosha. "Basi mimi nimelala njaa kwa ajili ya koti ambayo haina mwenyewe," alisema. "Fundi, unapaka ama naenda kwa mtu wa stika?"

"Irudishe," Muturi alimwambia Balwant. "Mara moja tu. Nataka kuona hiyo taa."

Waliitazama tena, na tena, hadi Kiplangat akaanza kupiga goti kwa mdundo bila kujijua.

Asubuhi yake, Jumapili, wakiwa wamerudi Mai Mahiu, ukungu ulikuwa haujainuka Muturi alipotoa gunia juu ya makopo. Kiplangat alikuwa bado amelala ndani ya kabini, miguu dirishani. Tabby, mke wa Muturi, alipita akiwa na kitambaa chake cha kanisa kichwani na Biblia kwapani, akasimama.

"Leo pia?"

"Leo tu. Waambie nitakuja ibada ya pili."

"Nitawaambia uko na yule mwanaume wa saluni," alisema, akaenda zake akitabasamu.

Alichanganya zambarau ileile, kwa kipimo kilekile cha jicho, akaweka dhahabu kando na kijani kando. Lakini hakuanza na koti kama alivyofanya zamani. Alichukua brashi yake nyembamba kuliko zote, akaichovya kwenye nyeupe, akaanza na ukingo wa nywele, unywele mmoja mmoja, taa ikitokea nyuma. Nyimbo za kanisani zilipoanza kusikika kutoka upande wa pili wa barabara, alikuwa bado hajafika masikioni mwa Mwenye Nywele.