Siku Niliyoacha Magongo Mlangoni

Chekeni kwanza mmalize, kwa sababu hii habari nikiianza watu hunikatiza katikati wakishika mbavu, na ile sehemu ya mwisho mimi siwezi kuisimulia mtu akicheka. Aibu ninayo, sikatai. Kanisa zima la kwetu Tseikuru, wazee kwa watoto, limeiona kaptula yangu, na sijui kama kuna msichana mwingine Ukambani kote anayeweza kusema hivyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa chuo cha ualimu upande wa Makueni, na najua mkiniona leo nikipanda ngazi moja moja nikishika ukuta hamwezi kuamini, lakini mimi Mwende nilikuwa tegemeo la timu yetu ya mpira wa kikapu. Nilikuwa mrefu (mama alisema nilirefuka hivyo kwa kuchungulia mvua inayokataa kuja), na nikiruka chini ya kikapu wenzangu walikuwa wanakimbia kwenda mbele bila hata kugeuka, maana walijua mpira nimeshaupata.

Basi siku moja mazoezini nikaruka vile vile, nikatua vibaya, goti likalia ka! na nikajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Hospitalini daktari alilipasua, akatoa kipande cha gegedu kilichochanika, akashona, akafunga bendeji nene, akanipa magongo mawili na onyo moja: mguu usikanyage chini mpaka arudi kuuona. "Ukinisikia, msimu ukianza utacheza," akasema. "Usiponisikia, usije kunililia."

Mimi nilitaka kucheza kuliko kitu chochote duniani, na sababu ilikuwa mama. Mama alinilea peke yake na mbuzi wake, na hakuwa amewahi kuniona nikicheza hata siku moja, kwa sababu kutoka Tseikuru mpaka chuoni ni safari ya kuchosha punda. Lakini mwaka huo alikuwa ameapa atakuja. "Nikuone hata mara moja," alisema, "nijue ni nini hicho kinakufanya usahau nyumbani." Nilikuwa nimeshachagua mahali atakapokaa, kwenye nyasi karibu na mstari, anione vizuri.

Sasa, nikiwa kitandani nimelazwa, mama alikuwa amemwekea Mungu nadhiri: mtoto akitoka salama, atatoa mbuzi. Na kwetu nadhiri ina utaratibu wake. Jumapili ya mavuno kila mtu huleta shukrani yake mbele ya kanisa, mahindi, kuku, maboga, halafu vitu vinatolewa nje kwa mnada, lakini mbuzi wa nadhiri lazima aongozwe mpaka mbele na yule yule aliyeponywa, kwa mkono wake mwenyewe. Siyo mama, siyo mjomba. Mwenye kupona ndiye hushika kamba.

"Mwaitu, tungoje basi nipone kabisa," nikamwambia mama nilipofika nyumbani kupumzika.

"Mungu alipokuponya alingoja?" akaniuliza. "Nadhiri haiwekwi kiporo, mwanangu."

Jumapili ikafika. Nikavaa sketi yangu ya marinda, na ndani yake (ole wangu) kaptula ya timu, kwa sababu bendeji ilikuwa inanasa kwenye shumizi na kaptula ndiyo ilikuwa nafuu. Tukafika mlangoni, jina letu likaitwa, na hapo ndipo nikagundua jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeligundua tukiwa bado nyumbani: mtu mwenye magongo mawili hana mkono wa kushika mbuzi. Mama akasema, "Nitakushika kiuno twende polepole." Lakini mimi nikaangalia ile njia ya katikati, fupi tu, nikaona watu wote wamegeuza shingo, nikajiambia, aa, hatua chache zitanifanya nini, nikayaegemeza magongo mlangoni, nikaizungusha kamba kwenye kiganja mara mbili ili mbuzi asinitoroke, nikaanza kutembea.

Hatua za kwanza zilikuwa nzuri, wallahi, hata nikainua kichwa. Halafu mama mmoja wa upande wa wanawake akaona yale magongo pale mlangoni, akaniona na mimi huku, akapiga kigelegele cha kupasua mabati.

"Ameyaacha magongo!" Pasta akapaza sauti. "Oneni, kanisa! Ameyaacha!"

Kanisa likasimama. Vigelegele vikatoka kila kona, kijana wa kwaya akaikamata ngoma akaipiga kama anadaiwa, na sasa niambieni, mbuzi wa Tseikuru aliyezoea kimya cha vichaka, asiyejua ngoma wala wokovu, afanye nini? Aliruka. Akageukia kwaya, akapita katikati ya soprano, na mimi niliyejifunga kamba mkononi kwa akili yangu timamu nikamfuata nikiruka kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili, kisha bila mguu wowote. Nilianguka kifudifudi mbele ya madhabahu, marinda yote yakafunika kichwa, na kaptula ya timu ikabaki nje inasalimia washirika.

Mngefikiri hapo mtu angekuja kuniinua. Wapi! "Msimguse!" Pasta akasema. "Nguvu za Mungu zimemshukia!" Bibi mmoja akanifunika miguu kwa leso kwa heshima, watu wakanizunguka, mikono ikawekwa juu yangu.

"Goti!" nikapiga kelele. "Goti langu!"

"Mshukuru Bwana kwa goti lako, dada!"

"Amina!" kanisa likajibu.

Nililia kwa uchungu wakafikiri ni machozi ya furaha. Na aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama, akicheza hapo kando yangu, mikono juu, uso umeng'aa vile sijawahi kuuona, mpaka alipoinama kunirekebishia leso na kuona damu imepenya bendeji. Wimbo ukamkauka mdomoni. Akasema tu, "Aiya, Mwende." Hakulia kwa nguvu, na nafikiri ningevumilia zaidi kama angelia.

Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa amengoja nje kwa sababu ya mnada, ndiye aliyetupeleka hospitalini kwa lori lake, mimi nimelala nyuma juu ya magunia, mama amenishikia kichwa njia nzima ya vumbi. Nyuzi zilikuwa zimeachia zote. Baadaye goti likafanya usaha, likapasuliwa tena, na lilipokauka lilikuwa limekataa kukunjika zaidi ya nusu. Daktari hakunigombeza, na hilo lilinitisha. Nesi akamweleza mama kwa Kikamba, taratibu, kwamba nitatembea, nitafundisha, nitaolewa, lakini kucheza basi.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo ni daktari," akaniambia tulipotoka. "Siyo Mungu. Mungu hakumkataa mbuzi wetu."

Nikamshika bega, tukaenda kutafuta gari.

Msimu ukafunguliwa kwenye kiwanja chetu. Jezi yangu aliivaa Syombua, msichana mzuri wa watu, aliyekuja kuniomba ruhusa kana kwamba ilikuwa yangu bado. Mimi nilikalia mwisho wa benchi, nimevaa sketi na sweta, kazi yangu kugawa maji. Mchezo ulikuwa umeanza nilipomwona mama. Alikuwa amekuja na kiondo chake na leso yake ya kanisani, akakaa kwenye nyasi karibu na mstari, pale pale nilipokuwa nimemchagulia, na hakuna mtu aliyemwonyesha.

Kila filimbi ilipopulizwa na mchezaji kubadilishwa, mama alikuwa anainuka kidogo, ananiangalia, ananionyesha kiwanja kwa kidevu. Halafu anaingia mwingine, naye mama anakaa tena. Nilijifanya nahesabu chupa. Tukashinda, wenzangu wakabebana mabegani, na mama akanifuata kwenye benchi akiwa bado anaangalia uwanjani.

"Wewe wanakuingiza saa ngapi?"

"Leo hapana, mwaitu."

Akanitazama mguu, akanitazama uso. Akaitoa leso begani, akaniwekea magotini kama mtu anayemfunika mtoto baridi isimpate. "Basi nitakuja tena," akasema.

Na alikuja tena, msimu mzima ule, safari yote ile, akakaa pale kwenye nyasi. Mimi nikaapa kwamba sitasimama tena mbele ya watu nijionyeshe nimepona kabla sijapona, na neno hilo nimelishika. Hata leo mtu akiniuliza goti linaendeleaje, namwambia bado linauma, na simdanganyi.