Kuifuta Mashine ya Kaka

Kompyuta ya kaka yangu ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama mwenyewe. Kaka alipanda pikipiki kwenda mji wa Kiwanja kununua maharagwe, vita vikaifunga barabara nyuma yake, na tangu siku hiyo hatujapata habari zake, nzuri wala mbaya. Kila asubuhi, umeme ukiwepo, mama aliiwasha ile mashine. Ilifika pale inapoonyesha jina la kaka na picha yake ya kipaimara, amevaa koti la kuazima, ikaomba neno la siri. Hakuna aliyelijua. Kaka aliliweka makusudi ili nisiguse vitu vyake, kwa kuwa alinijua. Mama alimtazama kidogo, akamsabahi, akazima.

Mimi hupiga chapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu. Mashine yangu ilipokufa, nilianza kuitamani hiyo. Nilimwomba mama mara nyingi, na kila mara alijibu ningoje kwanza. Nikachoka kungoja. Nyumba nzima ilikula kwa mikono yangu, na chombo kizima kimekaa tu kama sanamu ya parokia! Siku moja nilimfokea. Mchana aliondoa kitambaa, akakikunja.

Niliiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mpya, njia isiyodai neno la siri, na kwanza nikanakili faili zote za kaka kwenye flashi nyingine, hata ile picha. Mama akavuta kiti karibu nami. Nilipochagua kuufuta mfumo wa zamani, mashine iliuliza swali kwa Kifaransa, naye akataka kujua imesema nini.

“Inaniuliza kama niko na hakika.”

“Na wewe uko na hakika?”

Sikuwa nayo. Nilibonyeza tu, maana niliogopa umeme usije ukaondoka, na macho yake niliyaogopa zaidi. Nikamkumbusha kwamba picha imo kwenye flashi, haijapotea.

“Picha ni ya mutu mwenye alienda,” alisema. “Ile mashine ilikuwa inamungojea.”

Niliona nimemzika kaka bila mwili, na mama ameketi pale anatazama. Moyo uliniuma, na hasira yangu yote ya siku zile ikanigeukia mwenyewe.

Kazi ilipokaribia kwisha, mfumo mpya uliomba jina la mwenye mashine. Nilikuwa nimekwisha kuandika herufi za kwanza za jina langu. Nikazifuta, nikaandika la kaka. Mama alilisoma polepole, akaitikia kwa kichwa. Likafuata neno la siri. Nilipoanza kuandika, aliweka mkono wake juu ya wangu.

“Usitie kode. Siku atarudia, ataingia namna gani?”

Nikapaacha patupu. Sasa yeyote anaifungua ile mashine: mimi, wateja wangu, hata watoto wa jirani. Bado yeye tu.