Maneno kumi na moja yaliyonizuia kwenda shambani

Leo asubuhi nimemkatalia mama kwenda shambani kwa sababu ya Kiingereza.

Nilimwambia nina mtihani wa chuo, na kuna aya moja yenye maneno kumi na moja nisiyoyajua.

Akachukua jembe lake. "Sawa, Mwalimu."

Ni kweli nafundisha, lakini mama akiniita Mwalimu ujue amekasirika.

Nikafungua kamusi. "Indigenous" peke yake imekula nusu saa. "Perpendicular" niliiacha, nikairudia baada ya chai.

Saa sita mama akarudi, jembe halina hata udongo. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeielewa aya nzima, jamani, lazima mtu asikie.

Nikamtafsiria taratibu: kuna watu wa milimani ambao mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, ndiyo hiyo perpendicular, halafu mwanamke huchimba mashimo katikati na kuyafukia yale majani kwa udongo, ili mvua isiondoke na shamba.

Mama akanitazama.

"Hiyo si ngoro?"

Ilikuwa ngoro. Chini ya picha iliyo kando ya aya wameandika Mbinga, huku huku kwetu.

Akauliza, kwa upole kabisa, "Na wameandika huyo mwanamke afanye nini kama mwanamume hajalaza majani?"

Nikairudia aya yote. Hawajaandika.

Natuma hii nikiwa shambani, nimekalia majani niliyofyeka. Mama amesimama na jembe, anasubiri.

Wenzangu mliosoma, hiyo perpendicular inaanzia upande wa juu au wa chini?