Fungua

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mafundi wenzake walimwita Popo kwa sababu kazi yake ilikuwa gizani. Alikarabati mfereji wa mawe ulioachwa na wakoloni, ule unaoshuka mlimani, ukavuka bonde juu ya matao na kuingia mjini. Babu yetu ni mmoja wa waliobebeshwa yale mawe kwa viboko, kwa hiyo sisi hatukuusifia ovyo. Ila kazi ilikuwa kazi. Mwinamo wake ni mdogo hata ukiweka chungwa ndani halibingiriki, lakini maji yanaijua njia. Umefunikwa juu kwa mabamba ya mawe, na ubavuni una matundu ya hewa, kila moja la kupitisha mkono tu.

Popo alikuwa mtu wa maneno. Nikimpelekea chakula, pale mfereji unapokutana na kilima na tundu likawa usawa wa uso wangu, hunichokoza kutoka ndani.

"Dada, leo umepika au umeunguza?"

"Toa mkono upokee. Anayechagua akapikiwe na mkewe."

"Mke wangu ndiye kanituma kwako."

Mafundi wa mfereji walikuwa na lugha yao. Kufunga maji ni kuyafunga kama unavyofunga mbuzi, yafuate mfereji hadi mjini. Kufungua ni kuyaachia yaende zake mtoni, mfereji ubaki mkavu, fundi aingie kupaka chokaa. Wote tuliokulia pale tulisema hivyo.

Siku hiyo mzee wa lango, yule anayezungusha gurudumu la kugawa maji kati ya mto na mfereji, alikuwa mgonjwa, na ofisi ikaleta kijana aliyezoea mabomba ya mjini. Maji yalikwisha kuachiwa mtoni, Popo akaingia. Nilipofika akaniambia miguu yake inaloa, lango linavujisha.

"Waambie wafungue zaidi," akasema, huku anatafuna.

Nikamwambia fundi aliyekuwa juu yangu. Naye akapaza sauti kwa mwenzake, mwenzake kwa mwingine, hivyo hivyo hadi langoni: fungua.

Yule kijana akafungua kama mtu wa bomba anavyofungua. Akayaelekeza maji yote mferejini.

Nilisikia mvumo kabla sijaelewa. Popo akaacha kutafuna.

"Dada, mbona yanakuja?"

Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yake, kule yalikokuwa yakitokea maji. Akatoa mkono tunduni, nami nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mawe ambao hata shoka lisingeutoboa. Kule juu mafundi walishapagawa, wanapokezana neno lile lile, fungua, fungua, nami nikaitikia nao, maana sikuwa na jingine. Kila lilipofika langoni, maji yaliongezeka. Yakaanza kumwagika kupitia tunduni, yakanilowesha kifua. Mkono wake ulikuwa na chokaa, ukateleza.

Walimtoa kwenye wavu wa chuma, kwenye tangi la mjini.

Wifi yangu aliniuliza kama mumewe alikula. Nikamwambia alikula kidogo.

Baada ya mazishi yule kijana alikuja. Alisimama mlangoni, hakuna ndugu yangu aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Akanijia mimi, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilisikia fungua. Nikafungua. Mkapiga kelele, nikadhani nachelewa, nikafungua zaidi. Mama, ningejuaje?"

Nilitaka kumlaumu. Nilitaka pia kumwambia aende kwa amani. Nikamtazama mikono. Ilikuwa imechubuka viganjani, ngozi imetoka, kwa jinsi alivyolizungusha lile gurudumu la lango kwa nguvu zake zote.